Mgongo wa Bingwa

Katika kila mchezo kuna jambo moja ambalo mchezaji hulichelea kuliko mengine yote. Mkimbiaji huchelea kuachwa nyuma, mpiga mbizi huchelea kuishiwa pumzi, na mlinda mlango huchelea kuusikia wavu ukitikisika nyuma yake. Mwanamieleka huuchelea mgongo wake mwenyewe. Mabega yake mawili yakilala juu ya mkeka kwa muda mfupi tu, kiasi cha mwamuzi kuona na kupiga chini kiganja chake, shindano limekwisha, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kwa pointi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya mafunzo yake mpaka siku ya mwisho ya kushindana, juhudi zake zote hulenga shabaha moja yenye pande mbili: kuulaza mgongo wa mwenziwe na kuuhifadhi wa kwake.

Swali ninalotaka kulitazama latokana na jambo hilo. Mtu aliyetumia ujana wake kuuhifadhi mgongo, na kwa uhifadhi huo akapata jina na heshima, anapogeuka kuwa mwalimu wa vijana hutakiwa kila asubuhi autoe mgongo ule ule uangushwe na watu wasiofikia nusu ya uwezo wake. Je, sifa iliyomfanya bingwa ndiyo itakayomfanya mwalimu? Au yampasa avue tabia moja na kuvaa nyingine iliyo kinyume chake? Watu wengi hudhani kuwa njia ni moja, kwamba bingwa akichoka huhamia tu kwenye kiti cha mwalimu kama mzee ahamiavyo kutoka shambani kwenda barazani. Mimi naona kuna bonde refu baina ya pande hizo mbili, na kwamba kulivuka ni jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Mieleka ninayoikusudia ni ile iitwayo ya Kigiriki na Kirumi. Jina hilo huwapoteza watu. Mtindo huu haukurithiwa kutoka kwa Wagiriki wa kale wala Warumi. Ulikuzwa Ufaransa katika karne ya 19, kisha ukapewa jina la kale ili upate heshima, kama tajiri mpya atundikavyo ukutani picha ya babu asiyekuwa wake. Kanuni yake kubwa ni kwamba hairuhusiwi kumshika mpinzani chini ya kiuno, wala kutumia miguu kumwangusha. Watoto wetu wanaposhindana mweleka mchangani, mdogo mwenye akili aweza kumbwaga mkubwa kwa ngwara moja, kisha akakimbia akicheka. Hapa hakuna ngwara. Anayetaka kumwangusha mwenziwe sharti kwanza amkumbatie, kifua kwa kifua, na kwa kuwa miguu haiguswi, hana njia kubwa ila kumng'oa juu na kumgeuza hewani. Wako wanaoudharau mtindo huu kwa ufinyu wake. Yafaa wakumbuke kwamba ufinyu huo ndio uliozaa mabwago makubwa kuliko yote katika mieleka, na kwamba mtu aliyebwagwa hivyo hatelezi kwenda chini. Hupanda kwanza, akaona dari, ndipo akashuka.

Ili kupima jinsi mgongo ulivyo ghali kwa watu hawa, tuutazame mwaka 1912. Katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Martin Klein, Mwestonia aliyeshindana kwa upande wa Urusi, alikutana na Alfred Asikainen wa Finland katika nusu fainali. Siku zile hapakuwa na mpaka wa muda kama wa leo. Walishikana kwa saa 11 na dakika 40, wakipewa mapumziko mafupi tu. Mwishowe Klein alishinda, lakini alikuwa amejimaliza kabisa, hata hakuweza kuingia fainali kupambana na Claes Johanson wa Uswidi, naye Johanson akapewa dhahabu bila ya jasho la fainali. Katika michezo iyo hiyo Anders Ahlgren na Ivar Böhling walishikana kwa saa tisa bila mshindi, mpaka waamuzi wakachoka kabla yao. Wote wawili wakapewa nishani ya fedha, na dhahabu haikutolewa. Leo shindano lina vipindi viwili vya dakika tatu, na hapana anayeililia kanuni ya zamani. Lakini moyo ule wa Klein haukuondolewa na saa ya mwamuzi. Mwanamieleka wa leo naye, akiwekwa katika hali ile, yamkini angekaa saa 11 kuliko kukubali kulala chali. Hiyo ndiyo sifa yake. Bila hiyo hawi bingwa.

Sasa tumchukue mtu mmoja aliyelivuka bonde lile. Steve Fraser alikulia jimbo la Michigan, Marekani, akasoma na kushindana mieleka katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akawa askari polisi wa wilaya. Mwaka 1984, katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, alishindana katika uzito wa kilo 90. Njiani alimshinda Frank Andersson wa Uswidi, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, na katika fainali alikutana na Ilie Matei wa Romania. Wakalingana, 1 kwa 1, na Fraser akapewa ushindi kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Akawa Mmarekani wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mtindo huu. Nchi yake ilikuwa imekwisha kupata dhahabu nyingi katika mieleka huria, ile inayoruhusu kushika miguu, lakini katika huu ilikuwa mgeni aliyekaa karibu na mlango.

Wakati ule walikuwako waliosema kuwa dhahabu ile ilikuwa nyepesi, kwa kuwa Urusi ya Kisovyeti na marafiki zake wengi, mabingwa wa mtindo huo, hawakwenda Los Angeles. Hoja hiyo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli husumbua kuliko uongo mzima. Sisi wa Afrika Mashariki twaijua vizuri kutoka upande wa pili. Mwaka 1976 Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 mjini Christchurch, hakukimbia Montreal, kwa kuwa nchi yake ilisusia michezo ile pamoja na nchi nyingine za Afrika. John Walker wa New Zealand akatwaa dhahabu. Hakuna mwenye akili anayesema kuwa Walker aliiba. Mshindi humshinda aliyekuja. Lakini pia hakuna anayeweza kuuziba ule upenyo ulioachwa na asiyekuja, na mshindi mwenyewe, akiwa mtu wa kweli, hubaki na swali lisilo na wa kumjibu.

Nimelitaja jambo hilo kwa sababu ndilo linaloonyesha hatari ya kwanza inayomngoja bingwa anapokuwa mkufunzi, au kocha kama lugha ya viwanjani isemavyo. Swali lisilojibiwa katika maisha yake hutafuta jibu katika maisha ya mwingine. Mtu aliyekosa fainali moja, au aliyeipata ikasemwa kuwa nyepesi, huweza kumtazama kijana mbele yake na kumwona si kijana bali fursa. Humfundisha kwa bidii ya ajabu, na watu husifu bidii hiyo wasijue ni ya nani. Yeye hataki mwanafunzi ashinde. Ataka kushinda tena mwenyewe, kwa mwili wa kuazima.

Wala hili si jambo la maneno tu. Mieleka hugawanya watu kwa uzito, na desturi ya kale ya mchezo huu ni kwamba mshindani hujipunguza ili ashuke kwa wepesi kuliko yeye. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa majuma machache, vijana watatu wanamieleka wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa wakijaribu kupunguza uzito kwa kujikausha maji na kujifanyisha kazi ngumu katika joto. Baada ya vifo hivyo yalipigwa marufuku mavazi ya mpira na vyumba vya joto kwa kazi hiyo, na kanuni za kupima uzito zikabadilishwa. Simtuhumu mtu yeyote kwa vifo vile. Nasema tu kwamba mwili wa mwanafunzi ni amana, na kwamba desturi iliyozaa maafa hayo ilikuwa imekubaliwa na karibu kila mtu, kwa hoja nyepesi sana: hata sisi tulifanya hivyo, tukawa mabingwa. Hoja hiyo ndiyo ya bingwa asiyevuka. Hupima mwili wa mwingine kwa mwili wake, na kwa kuwa wake ulistahimili, huona uliokufa kuwa ulikosa moyo.

Turudi kwa Fraser. Tangu katikati ya miaka ya 1990 aliiongoza timu ya taifa ya Marekani ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi kama mkufunzi mkuu. Alijulikana kwa mazoezi ya mapambano marefu, ambamo watu walishikana muda mrefu kuliko shindano lolote la leo, mpaka ufundi uishe na tabia ibaki peke yake uwanjani. Kuna harufu ya mwaka 1912 katika mazoezi hayo. Na mwaka 2000, Sydney, likatokea jambo lililoshangaza dunia ya michezo. Aleksandr Karelin wa Urusi, mwenye dhahabu za 1988, 1992 na 1996, mtu ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka 13, alishindwa 1 kwa 0 na Rulon Gardner, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka jimbo la Wyoming. Pointi yenyewe ilipatikana walipowekwa kushikana mwanzoni mwa kipindi cha pili, na mikono ya Karelin ikaachana kwa nukta chache. Haikuwa bwago. Yalikuwa ni vidole viwili vitatu vilivyotelezeana. Hata hivyo kwa muda uliosalia Gardner aliuhifadhi mgongo wake mbele ya mtu aliyezoea kuwaokota wenziwe wa kilo 130 kutoka mkekani na kuwageuza hewani.

Sasa, ushindi ule ulikuwa wa nani? Jibu la haraka ni la Gardner, na jibu hilo ndilo la haki. Lakini watu hawatosheki nalo. Husema: palikuwa na mkufunzi wa taifa, palikuwa na wakufunzi wengine waliomlea kabla, palikuwa na shamba la baba yake, ambako kijana hujifunza kusukumana na mnyama asiyejua kuhurumia. Mwaka 1997 Gardner alikuwa amekutana na Karelin huyo huyo akashindwa 5 kwa 0, akanyanyuliwa na kubwagwa. Basi Karelin naye alikuwa mwalimu wake, na pengine mwalimu mkali kuliko wote, kwa kuwa somo lake lilipita katika shingo na mabega. Ukianza kugawa ushindi kama nyama ya karamu, utawakuta wadai wengi kuliko minofu.

Katika Michezo ya Olimpiki mkufunzi hapewi nishani. Hasimami jukwaani, wala jina lake halimo katika orodha ya washindi. Wako wanaoona kuwa huu ni udhalimu na kwamba ingefaa urekebishwe. Mimi naona kanuni hiyo ina hekima, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa. Kama mkufunzi angetoka na dhahabu yake kifuani kila mwanafunzi anaposhinda, lile shauku la kushinda kwa mwili wa kuazima lingepata malipo rasmi. Kunyimwa nishani humlazimisha ajue kazi yake ni ya namna gani. Na kwa mkufunzi ambaye zamani alikuwa bingwa kunyimwa huko kuna uchungu usioonjwa na wengine, maana yeye ameionja dhahabu na ajua ladha ya kitu anachokikosa.

Mwaka 2007, mjini Baku, timu ya Fraser ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu, mara ya kwanza kwa nchi yao katika mtindo huu. Ajabu ya ubingwa ule ni kwamba kati ya dhahabu saba zilizotolewa kwa mtu mmoja mmoja, hakuna hata moja iliyokwenda kwa Mmarekani. Timu ilishinda kwa jumla ya pointi za wale waliokuwa wa pili, wa tatu, na wengine ambao hawakupanda jukwaani kabisa. Kila mmoja wao, peke yake, alikuwa mtu aliyeshindwa na fulani. Wakiwekwa pamoja walikuwa mabingwa. Kwa macho yangu hicho ni kipimo bora zaidi cha kazi ya mkufunzi kuliko pointi moja ya Sydney, ingawa Sydney ndiyo inayosimuliwa na Baku imekwisha kusahauliwa na wengi.

Sasa tufike katika kiini cha jambo, yaani kule kuanguka. Mbwago wa mtindo huu haufundishwi kwa maneno peke yake. Sharti pawe na mwili unaonyanyuliwa. Mara nyingi mwili huo ni wa mwenzi wa mazoezi. Mara nyingi pia, hasa kijana akiwa hajakamata jambo, ni wa mwalimu mwenyewe. Hapo ndipo bingwa wa zamani hukutana na mtihani wake. Akikaza kama alivyokaza siku za ushindani, kijana hatamwinua hata mwaka mzima, na atakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba mwalimu wake ni mzito. Akijilegeza na kuanguka ovyo, kijana atafurahi, atadhani amejua, na siku ya shindano atakapomkumbatia mtu asiyempenda, atagundua kuwa alidanganywa. La kwanza ni majivuno, la pili ni uongo, hata kama limefanywa kwa huruma. Baina yake kuna kuanguka kwa haki: kukaza kwa kadiri ile ambayo ufundi sahihi utaishinda na ufundi mbovu hautaishinda. Mwanafunzi akikosea mguu, mwalimu hubaki amesimama. Akipatia, mwalimu huenda juu, huona dari, na mgongo wake hupiga mkeka kwa sauti ambayo chumba kizima huisikia.

Kuna swali la kweli hapa. Je, kuanguka huko ni kuanguka? Mmoja aweza kusema kuwa si kweli kwamba mwalimu ameshindwa, kwa kuwa angetaka asingeanguka. Kwa hiyo ni mchezo wa kuigiza, na hakuna maadili ndani yake. Lakini mwenye kusema hivyo hajautazama mgongo. Mgongo umepiga chini kweli. Mifupa haijui kama ilikubali. Na mbali na mifupa, kuna jambo jingine lililotolewa. Heshima ya bingwa ilikuwa katika hali ile ya kutoangushika, nayo ilikuwa yake kwa sababu aliikataza kwa wengine. Sasa amempa mtoto wa watu, mbele ya watoto wengine, kitu ambacho mabingwa wa nchi nzima walikitafuta wakakikosa. Huwezi kutoa usichokuwa nacho. Na kwa hiyo mtu ambaye hakuwa bingwa huanguka kwa gharama ndogo, na bingwa huanguka kwa gharama kubwa. Mwanafunzi ajua hivyo. Kijana aliyembwaga kwa haki mtu wa namna hiyo, hata mara moja tu, hujua kuwa chini ya jina kubwa kuna mwili wenye uzito unaopimika, na ujuzi huo humfaa siku atakapokutana na Karelin wake.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa nasema mabingwa pekee ndio wafundishe. Karelin mwenyewe alilelewa tangu utoto na Viktor Kuznetsov, huko Novosibirsk, akakaa naye mpaka mwisho wa safari yake, na jina la Kuznetsov halimo katika orodha ya mabingwa wa Olimpiki. Mwalimu wa namna hiyo ana faida moja kubwa: hakuwa na ngome ya kubomoa. Alikuja kazini akiwa tayari upande wa pili wa bonde. Bingwa naye ana upungufu mmoja ambao hausemwi mara nyingi, nao ni kwamba aghalabu hajui alivyofanya. Mwili wake ulijua kabla ya ulimi, na ulimi haukupata kuulizwa. Ukimwuliza jinsi ya kumng'oa mtu hukwambia, basi umshike hivi, umvute hivi. Na yale mambo kumi yaliyofanyika katikati hayaoni, kama vile sisi tusivyoziona ngeli za lugha yetu mpaka mgeni atuulize. Yampasa aanze kujisomea mwenyewe kama kitabu cha lugha ngeni. Kazi hiyo nayo ni ya unyenyekevu, na mabingwa wengi huikimbia.

Kuna aina ya watu ambao wako katikati, wala si haki kuwapita. Ni wenzi wa mazoezi. Katika kila timu kubwa kuna mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwa mpinzani wa yule aliye bora kuliko yeye katika uzito ule ule, na kwa kuwa nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito, miaka yake hupita mazoezini. Mkiuba Yasmani Acosta alikuwa hivyo kwa Mijaín López, mwanamieleka mkubwa wa uzito wa juu. Mwaka 2015 Acosta alibaki Chile alipokwenda huko kushindana, akaanza maisha upya. Mnamo Agosti 2024, katika fainali ya Paris, watu hawa wawili walikutana, mmoja kwa Kuba na mwingine kwa Chile. López alishinda 6 kwa 0 na kupata dhahabu yake ya tano mfululizo katika mchezo mmoja wa mtu binafsi, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika historia ya Olimpiki. Kisha akavua viatu na kuviacha katikati ya mkeka, ishara ya mwanamieleka anayestaafu. Picha ya viatu ilizunguka dunia. Katika kuitazama mtu aweza kujiuliza ni asubuhi ngapi za Havana, na migongo mingapi isiyo na jina, iliyomo ndani ya dhahabu zile tano, na kwamba safari hii angalau mmoja wa wenye migongo hiyo alisimama jukwaani karibu naye akiwa na fedha kifuani, kwa jina lake mwenyewe na kwa bendera aliyoichagua.

Wasomaji wa kurasa hizi wengi hawatavaa viatu vya mieleka, lakini wamo katika nyumba ambamo swali hili hukaa kila siku. Chuo kikuu nacho kina mabingwa wake. Kuna mwalimu ambaye katika ujana wake aliandika kitabu kilichowashinda wengine, na tangu siku hiyo mgongo wake haujagusa chini. Hufundisha kwa ustadi mkubwa. Mwanafunzi akileta hoja, huikamata, huinyanyua na kuibwaga, na darasa hupiga makofi. Miaka ishirini baadaye utaona kuwa wanafunzi wake wamejua vizuri jinsi ya kumheshimu, na wachache tu wamejua kufikiri. Kuna mwingine ambaye, kwa kuogopa kuonekana mkali, husifu kila hoja, hata iliyosimama kwa mguu mmoja. Wanafunzi wake humpenda mpaka siku ya mtahini wa nje. Yule wa tatu ni adimu. Hoja dhaifu ikimjia husimama imara, haendi popote. Ikimjia ya kweli, ingawa imetoka kwa kijana wa mwaka wa pili asiyejua bado kuitetea, hukubali mbele ya darasa kuwa kitabu chake mwenyewe kilikosea hapo. Sauti ya kuanguka huko haisikiki kama ile ya mkeka, lakini wanafunzi huisikia.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini bingwa akubali kazi hiyo? Nishani hapewi, mgongo wauma, na jina lake hufunikwa kidogo kidogo na majina ya vijana aliowafundisha. Jibu la kwamba anaupenda mchezo halitoshi. Aliupenda pia alipokuwa akishinda. Nadhani kuna jambo ambalo bingwa halioni wakati wa ubingwa, kwa kuwa macho yake yamefungwa na hofu ya mgongo. Anapokuwa mwalimu ndipo kwa mara ya kwanza anaweza kulitazama bwago kwa utulivu, kutoka ndani yake, akiwa yeye ndiye anayepaa. Ajua ni wapi mkono wa kijana umekaa vizuri na ni wapi nyonga yake imechelewa. Hajapata kuujua mchezo kwa ukaribu huo alipokuwa hashindwi.

Gardner alirudi Olimpiki mwaka 2004, Athens, akapata shaba, na baada ya shindano lake la mwisho naye aliacha viatu mkekani. Mkufunzi hana desturi kama hiyo. Viatu vyake huvihitaji kesho asubuhi. Fraser alivivaa vyake kama mkufunzi wa taifa kwa karibu miaka ishirini, na mwaka 2014 nafasi ile ikachukuliwa na Matt Lindland, aliyekuwa mmoja wa vijana wa timu yake ya Sydney, ambako alipata nishani ya fedha.